Kitambaa Kisichokamuliwa

"Yaani mtoto anapelekwa shule kufua matambara!"

Baba yake Chura aliyasema hayo Jumapili asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na lori lake likimngoja barabarani limeshafungwa turubai. Alikuwa dereva wa safari ndefu. Akiondoka Jumapili, harudi mpaka Jumamosi, na kwa sababu hiyo mambo yote ya kugombana katika nyumba ile yalikuwa yanarundikwa mpaka siku hizo mbili.

Chura mwenyewe alikuwa chini ya meza akitazama jinsi chai iliyomwagika inavyojipenyeza kwenye ufa wa sakafu. Alikuwa binti wa miaka mitano mwenye jina lingine zuri la kuandikwa, lakini hakuna aliyelitumia. Maji hayakuwahi kumpita mtoto huyu bila yeye kutumbukiza mkono. Bibi yake ndiye aliyemwita Chura kwa utani, na jina likamganda.

"Mama," yule dereva akamgeukia bibi, "ile shule nyingine wamemwekea nafasi mpaka Jumatatu ijayo. Watoto wa umri wake kule wanasoma, wanaandika, wanahesabu mpaka mia bila kupumua. Huyu wetu ukimuuliza leo umejifunza nini, anakujibu alikuwa na kazi. Kazi gani? Amekuwa waziri?"

Mkewe, ambaye ni nesi na ndiye aliyeichagua ile chekechea, alikuwa jikoni. Sufuria ndiyo iliyomjibia, ilipotua kwa kishindo.

"Wewe ndiye mwalimu humu ndani," dereva akaendelea. "Nakuomba wiki hii uende ukakae huko, uone kwa macho yako. Nikirudi Jumamosi ukaniambia kuna kitu, nitafunga mdomo. Ukiniambia hakuna, Jumatatu anahama. Sitaki mwanangu aje aachwe nyuma, kisha ashindwe kuinua uso mbele ya wenzake."

Bibi alikubali kabla hajamaliza. Alikuwa amefundisha darasa la nne maisha yake yote ya kazi, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mwalimu Kengele, maana kengele ya shule alikuwa haachii mtu mwingine aipige. Alikuwa amestaafu, lakini bado alitembea kama mtu anayewahi kipindi. Darasani mwake, mtoto aliyeulizwa swali akajibu "sijui" alisimama, akabaki amesimama mpaka ajue. Huyu dereva naye alipita katika darasa hilo hilo, na siku nyingine magoti yake yaliyochoka kusimama yalimjua mama yake kama mwalimu kuliko kama mama.

Kwa hiyo tuseme ukweli: bibi alipofunga kilemba chake Jumatatu ile, hukumu alikuwa nayo tayari mfukoni. Alichokosa ni ushahidi tu.

*

Chekechea ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha yaliyoanzia karibu na sakafu, kana kwamba fundi aliyelijenga jengo alikuwa mtoto. Rafu zilimfika bibi magotini. Juu ya rafu hizo kulikuwa na masinia madogo, kila moja na mambo yake: jagi na vikombe, ufagio mfupi na kizoleo, makufuli na funguo zake, kitambaa chenye vifungo vikubwa, mbegu za kuchambuliwa kwa umbo. Dirishani ilining'inia henga ya nguo iliyofungwa kikapu kila upande, na humo watoto walipima lipi zito na lipi jepesi. Bibi alitafuta ubao kwa macho, ukuta hadi ukuta. Hakuuona. Alihisi kama mtu aliyeingia jikoni akakosa jiko.

Mwalimu wa pale alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya chini. Watoto walimwita Dada, na wazazi, akiwa hayupo, walimwita Dada Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Karibu, Mama," alisema akimwonyesha kigoda kilichokuwa kando ya mlango. "Wageni hukaa hapa. Na hii ndiyo kazi ya mgeni."

Akampa kikapu cha uzi wa kufumia, uliosokotana fundo juu ya fundo mpaka huoni mwanzo wala mwisho.

"Niufumue?"

"Ukipenda. Hasa ni wa kushika. Hapa mtu mzima haigusi kazi ya mtoto mpaka aitwe na mtoto mwenyewe. Na mikono ya watu wazima, Mama, haijui kukaa bure. Ukisikia inakuwasha, kaza uzi."

Bibi alicheka kidogo kwa adabu. Yeye afundishwe namna ya kukaa darasani! Lakini alikaa, magoti yakamfika kidevuni, uzi mapajani.

Haikuchukua muda mikono ikaanza kuwasha kweli. Mtoto mmoja mnene alikuwa anafunga vifungo vya lile tambara, na kila alipofika mwisho aligundua kimoja kimebaki hakina tundu. Alikuwa ameanza vibaya tangu juu. Bibi aliliona kosa kutoka kule mlangoni. Neno moja tu lingetosha! Aliuma ulimi, akavuta fundo. Mtoto alifungua vyote, akafunga vyote, kimoja kikabaki. Akafungua tena. Mara ya sijui ngapi akasimama, akakitazama kile kifungo cha juu kwa jicho la kukishuku, akacheka peke yake. Safari hii vilitimia. Hakumtazama mtu yeyote ili asifiwe. Alikunja tambara, akalirudisha kwenye rafu, akaenda zake kunywa maji.

Bibi akaulegeza uzi. Hakujua kwamba alikuwa ameukaza namna ile.

Ndipo akamwona Chura.

Chura alitandika mkeka wake karibu na kamba ya nguo iliyofungwa chini kwa kimo cha watoto. Alichukua jagi lililobandikwa utepe wa buluu, akalijaza maji mpaka kwenye utepe, akachutama na kuyatazama maji hayo usawa wa jicho. Akayamimina yote kwenye beseni. Akatumbukiza kitambaa. Akakiinua kinavyotiririka, akakitundika kwenye kamba kwa vibanio viwili bila kukikamua hata kidogo, akasukuma beseni likae chini yake barabara. Kisha akakaa na kungoja.

Tone. Tone. Tone.

Bibi akasema moyoni, huyu hajui hata kukamua. Tena anapenda maji! Mtu apende maji asijue kukamua!

Matone yalipoisha, Chura aliyarudisha maji ya beseni ndani ya jagi. Akachutama tena. Maji hayakufika kwenye utepe. Akakunja uso. Halafu, na hapa ndipo bibi alipousahau uzi, yule mtoto akainua mkeka, akatazama chini yake. Akapapasa sakafu kwa kiganja. Akazunguka nyuma ya pazia. Akamwendea mwenzake aliyekuwa anachambua mbegu, akamshika mkono wa shati, akauminya, akamwachia. Akaenda kwa mwingine, akamminya pia. Kisha akarudi kwa kitambaa chake, akakisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa, akasimama hapo kama askari anayemhoji mtu.

"Anatafuta nini?" bibi alimnong'oneza Dada Taratibu alipopita.

"Sijui, Mama."

Bibi akadhani hakusikia vizuri. "Hujui?"

"Bado hajaniambia. Tangu wiki iliyopita anafanya hivyo hivyo. Natamani sana kujua." Na kweli, macho ya msichana yule yaling'aa kwa hamu. Bibi hakuwahi kumwona mwalimu akikiri kutojua mbele ya mgeni huku amefurahi namna ile. Hakujua amdharau au amwonee wivu.

Jioni nyumbani alijaribu kumchimba. "Mke mwenzangu, leo ulikuwa unafanya nini kule?"

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani?"

"Ya maji."

Basi. Mlango umefungwa. Bibi alilala akiwaza mtoto anayeminya mashati ya watu.

*

Kosa lilitokea Jumatano, na lilitokea kwa nia njema, kama makosa mengi ya akina bibi.

Chura alikuwa ametundika kitambaa chake kama kawaida. Safari hii hakungoja matone yaishe. Alikwenda uani na wenzake kwa muda. Bibi alibaki mlangoni na uzi wake. Kitambaa kilikuwa kimekaa upande, kizito, kinadondoka, ncha moja imejikunja vibaya. Sakafu nayo ilikuwa imeingia maji kidogo pembeni mwa beseni. Mwanamke aliyefua nguo za watoto na wajukuu akiona kitambaa kama kile, mikono haimwombi ruhusa. Bibi aliweka uzi chini. Akakamua kitambaa mpaka kikalia, akakikung'uta, akakitandaza vizuri kibanio kwa kibanio. Akafuta sakafu. Akalichukua beseni akamwaga maji yale machafu kwenye ndoo, akalifuta likang'aa. Halafu akarudi kwenye kigoda akiwa ameridhika kabisa.

Chura aliporudi alisimama mbele ya kamba.

Alitazama kitambaa kilichonyooka. Akatazama beseni kavu. Hakulia. Angelia, bibi angejua la kufanya, maana kilio cha mtoto ni kitu anachokifahamu. Lakini Chura alivua vibanio kimoja kimoja, akakunja kitambaa, akaweka jagi ndani ya beseni, akarudisha sinia kwenye rafu. Kisha akaenda kukaa ukutani, mikono mapajani.

"Chura, kitambaa chako nimekitengeneza," bibi akamwambia.

"Ahsante," alijibu Chura, kwa sauti ambayo watoto wanafundishwa kujibu nayo.

Siku iliyofuata hakuchagua sinia lolote. Alikaa ukutani. Wenzake walimkaribisha kwenye makufuli, akatikisa kichwa. Ilipofika saa ya kunywa maji alikunywa maji yake bila kuyatazama. Chura! Bibi alishindwa kufumua hata fundo moja siku hiyo. Siku zilikuwa zinakwenda, Jumamosi ilikuwa inabisha hodi, na ushahidi aliokuja kuutafuta ulikuwa sasa umekaa mbele yake umekamilika: mtoto asiyefanya lolote. Angeweza kurudi nyumbani akasema, mwanangu, kule hakuna kitu, na asingekuwa amesema uongo. Ila yeye alijua ni nani aliyekifanya kile kitu kisiwepo.

Watoto walipotoka alimfuata Dada Taratibu aliyekuwa akipanga masinia.

"Mwanangu, nimeharibu."

"Nimeona, Mama."

"Mbona hukunizuia?"

"Nilikuwa namfunga kiatu mtoto aliyeniita. Nilipoinua kichwa ulikuwa unafuta sakafu." Akatabasamu. "Unaifuta vizuri sana."

"Usinitanie. Nimwambie nini mjukuu wangu? Nimwombe radhi?"

"Radhi si mbaya. Lakini mimi ningemwomba anionyeshe."

*

Ijumaa alasiri nesi alikuwa kazini, na bibi alikuwa uani anaanika nguo. Chura alikaa kwenye ngazi, kidevu juu ya magoti. Bibi alitoa shati moja kwenye beseni, akaanza kulikamua kwa mazoea, akasita. Akalitundika vile vile linavyotiririka. Maji yakamwingia kwenye mkono wa gauni mpaka kwapani.

Chura akainua kichwa.

"Mke mwenzangu," bibi alisema bila kugeuka, "siku ile nilidhani umesahau kukamua. Sasa naona hukusahau. Ulifanya makusudi, mimi nikaingilia kazi yako. Nisamehe. Lakini nakuomba unionyeshe, maana nimefikiri mpaka kichwa kimeniuma: ulikuwa unatafuta nini?"

Shati likadondosha maji mara kadhaa. Bibi alitamani kuuliza tena, akajikaza.

"Yanayobaki," Chura akasema.

"Yanayobaki?"

"Natia maji mpaka kwenye buluu. Nakilowesha kitambaa. Maji yanadondoka, yanarudi kwenye beseni. Lakini hayarudi yote." Sasa alikuwa ameshasimama, na maneno yalikuwa yanasukumana mlangoni. "Mengine yanabaki kwenye kitambaa. Sawa. Lakini kesho nikija kitambaa kikavu, na beseni kavu! Hayakudondoka, Bibi. Na kwenye kitambaa hayamo. Kuna mtu anayachukua. Nilidhani wenzangu wanajifutia, nikawaminya mashati, hayamo. Sasa nani anayachukua?"

Ewe ndugu msomaji, jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa bibi. Alilifundisha kila mwaka. Aliliandika ubaoni kwa chaki nyeupe, na neno "mvuke" kwa chaki ya rangi, na darasa zima likaliimba huku yeye akigonga meza: maji yakipata joto hugeuka mvuke na kupaa hewani! Alifungua mdomo. Na pale pale, akiwa analitazama lile shati linalotiririka, akapitikiwa na jambo la ajabu. Miaka yote ile aliyoifundisha sentensi hiyo, hakuwahi hata siku moja kukaa kitako mbele ya nguo iliyoloa akayatazama maji yanavyokwenda. Alijua yanakwenda. Hakuwahi kuyasindikiza.

Akafunga mdomo. Mikono ikatafuta uzi, lakini kikapu alichokiazima chekechea kilikuwa ndani. Akashika kibanio.

"Sijui kama kuna mtu," alisema, na neno lile la kwanza lilimtoka kwa shida kama jino. "Tutajuaje kama maji bado yamo kwenye nguo au yameshaondoka?"

Chura alifikiri kwa uso mzima. Akaenda akalishika lile shati kwa chini, akalipima kwa kiganja. Akalishika lingine lililokwisha kukauka.

"Lililoloa zito," alisema polepole. Kisha macho yakamtoka. "Bibi! Henga!"

Akatimua mbio ndani ya nyumba, na bibi, ambaye magoti yake hayakuwa na urafiki na ngazi, akamfuata nyuma.

*

Jumamosi mchana dereva aliposhuka kwenye lori, nyumba haikumpokea kama alivyozoea. Hakuna aliyekimbilia begi lake. Uani, chini ya jua, henga ya nguo ilining'inia kwenye kamba kwa uzi. Upande mmoja ilibeba kitambaa cha jikoni kinachotiririka, upande mwingine soksi yake mwenyewe, mpya, iliyojazwa kokoto. Chini yake kulikuwa na dimbwi. Mkewe, bado na sare ya kazini, alikuwa ameegemea mlango. Mama yake alikuwa amekaa kwenye ngazi na kikapu cha uzi mapajani, na binti yake amechutama mbele ya henga kama amepandwa pale.

"Salama humu?" dereva akauliza.

"Salama," wakajibu, hakuna aliyegeuka.

Akaweka begi chini, na gazeti lake juu ya begi. "Mama, leo ndiyo siku. Nimeendesha njia nzima nalifikiria jambo hili. Niambie moja tu. Kule kuna kitu, hakuna kitu?"

"Ngoja kidogo," alisema bibi.

"Ningoje nini? Na hiki kitambaa mbona hakijakamuliwa, maji yote yamejaa uani!" Akapiga hatua moja na mkono umeshanyooka. Mkono huo aliurithi kwa mama yake, haukuomba ruhusa.

Chura alipiga kelele. Lakini bibi aliwahi. Hakuna aliyejua kwamba bado anaweza kuinuka haraka namna ile. Alimdaka mwanawe kifundo cha mkono, akamgeuza, akamkalisha kwenye ngazi, akamwekea kikapu kizima mapajani.

"Shika uzi huu. Ukiwashwa na mikono, vuta fundo. Usiguse kitu."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana."

Nesi aliziba mdomo kwa kiganja na kutazama pembeni.

Matone yaliendelea mpaka yakachoka. Tone la mwisho lilikaa kwenye ncha ya kitambaa muda mrefu likijishauri, kisha likaanguka. Chura alingoja lingine, halikuja. Akatoa kokoto kwenye soksi, moja, akaangalia, nyingine, akaangalia, mpaka henga ikalala sawa, haikuegemea huku wala kule. Halafu akachukua gazeti la baba yake ambalo baba mwenyewe alikuwa hajalifungua, akalitandaza chini ya kitambaa juu ya ubao mkavu.

"Gazeti langu!"

"Likidondoka hata tone moja litaonekana," Chura alimweleza, kwa uvumilivu wa mtu anayeongea na mgeni. "Sasa yamebaki yale yasiyodondoka. Nataka kuona yanaenda wapi."

Dereva alicheka. "Hilo tu? Mbona rahisi. Maji yakipata joto hugeuka mvuke na kupaa hewani!" Aliyasema kwa wimbo ule ule, na kidole chake kikagonga ngazi kwa mapigo yale yale ya mama yake alipokuwa akigonga meza darasani. Bibi aliinamisha uso. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwa mtu mwenye ndevu.

Chura alimgeukia baba yake kwa heshima kubwa. "Uliyaona?"

"Niliyaona nini?"

"Yakipaa."

Dereva alifungua mdomo. Akamtazama mama yake, kama alivyokuwa akimtazama zamani akitafuta jibu usoni mwake. Bibi safari hii alikuwa anatazama henga.

"Sikuyaona," dereva alisema.

"Basi kaa tuyaangalie," Chura akamwambia, akarudi kuchutama.

Wakakaa. Upepo mdogo ulipita uani. Mwanzoni dereva alikuwa anatikisa mguu, anatazama lori, anavuta uzi kwa hasira. Baadaye mguu ukatulia. Nesi alivua viatu vya kazini akakaa kando yake. Gazeti lilikuwa kavu. Henga ilikuwa imelala sawa. Hakuna kilichokuwa kikitokea, na watu wanne walikuwa wanakitazama.

"Imesogea," dereva alinong'ona.

"Bado," alisema mkewe.

"Imesogea, nakwambia! Tazama ile ncha na ule mstari wa ukuta."

Ilikuwa imesogea kweli. Kidogo sana, upande wa kitambaa ukiinuka, upande wa soksi ukishuka. Dereva aliinuka nusu, uzi kifuani, akalitazama gazeti. Kavu, herufi zote mahali pake. Akatazama kitambaa, akapitisha macho hewani juu yake, taratibu, kana kwamba angeweza kumkamata mwizi akiwa njiani. Uso wake ulikuwa umerudi utotoni. Bibi alikuwa na hakika hakuwahi kuuona uso huo darasani kwake, na hilo lilimchoma.

"Hayajadondoka," Chura alisema kwa sauti ndogo. "Na yanaondoka. Baba, yanaondoka sasa hivi, tumeyakodolea macho na hatuyaoni!"

"Na kitambaa kikiwekwa kabatini?" dereva aliuliza ghafla. "Mle hamna jua. Yatatoka?"

Bibi aliushika ukingo wa ngazi kwa mikono yote miwili.

"Sijui," alisema Chura.

Alilisema neno lile wazi, kwa furaha, huku ameshanyanyuka kwenda kutafuta kitambaa kingine. Hakusimama kwa adhabu. Hakutazama chini. Dereva alimfuata kwa macho mpaka akapotelea ndani.

"Umemsikia?" alimwambia mama yake. Sauti ilikuwa imebadilika. "Mimi neno hilo kwako nililimeza mpaka likaniota mgongoni. Nilikuwa nabahatisha majibu, mradi tu nikae. Mpaka leo njiani nikipotea siulizi mtu."

"Najua," alisema bibi. "Yaani, sikujua. Nimeanza kujua juzi." Aliweka mkono juu ya bega la mwanawe, naye hakuuondoa.

Kutoka ndani lilisikika kabati likifunguliwa na vitu kuanguka.

"Sasa, Baba Chura," nesi aliuliza bila kumtazama, "Jumatatu nimwandae aende wapi? Nijue nguo za kupiga pasi."

Dereva alikohoa. Alitazama henga, ambayo sasa mtu yeyote angeona imeinama. "Muulize mwenyewe. Chura! Jumatatu una nafasi?"

"Nina kazi!" sauti ilijibu kutoka kabatini.

"Haya, umesikia. Ana kazi. Ile shule nyingine nitawaambia wampe mtoto mwingine nafasi."

Bibi hakuulizwa tena kama kuna kitu au hakuna kitu. Alifuta macho kwa ncha ya kilemba, kisha, kwa kuwa kikapu kile kilikuwa cha chekechea na alikuwa ameahidi kukirudisha, akanyoosha mkono auchukue uzi wake.

"Hebu niache kwanza, Mama," dereva alisema, akiukumbatia uzi kifuani bila kuondoa macho kwenye henga. "Bado naangalia."